Fundi Kiburi na Ukuta wa Wodi ya Wazazi

Jina la Kiburi shangazi yangu hakupewa na mama yake. Alipewa kazini, juu ya jukwaa, mbele ya wanaume, na tangu siku ile akalivaa kama koti lililomkaa vizuri mabegani. Nenda leo kwenye jengo lolote linalojengwa hapa mjini, uliza fundi lipu mwanamke, watakujibu, "Nani, Kiburi?" Jina lake la kuzaliwa halitumii ila kwenye kitambulisho, nami sitamtangulia kulitaja.

Alikuwa bado msichana. Alibeba karai la zege kichwani kwa miaka, na mafundi walipokwenda kunywa chai yeye alibaki nyuma akichungulia kazi yao: lipu imeanzia wapi, mwiko umepita vipi, kona imekatwaje. Siku moja fundi mmoja hakutokea, akapewa kipande cha ukuta nyuma ya mlango, mahali ambapo hata akiharibu hakuna atakayeona. Akakipiga lipu. Msimamizi wa wakati huo akaja, akaweka rula, akafumba jicho moja, akainuka na kusema, "Si mbaya kwa mwanamke."

Shangazi alikuwa anafuta mwiko wake. Hakuinua hata macho. "Ni nzuri kwa ukuta," akasema.

Watu walicheka, wengine wakaguna. Kijana mmoja mrefu, ambaye alikuwa haachani na pimamaji yake, kile kipimo cha unyoofu, hata akienda chooni, akapaza sauti kutoka juu ya jukwaa, "Jamani, huyu ana kiburi huyu!" Basi, imekwisha. Kijana yule naye alilipwa kwa kuitwa Pimamaji, na wawili hao wakazeeka pamoja kwenye majukwaa, wakitaniana, wakinuniana, kila mmoja akimvizia mwenzake akosee.

Mimi ni mpaka rangi. Kazi yangu huanza pale ya shangazi inapoishia, kwa hiyo maisha yangu yote nimekuwa nikipita nyuma yake, na nyuma yake ndiko maneno yaliko. Neno lile la kiburi nimelisikia mpaka nikaamua kulichunguza. Nilimuuliza mwalimu mmoja jirani yetu limetoka wapi. Akasema limetoka kwa Waarabu, kwenye shina lenye maana ya ukubwa, na ndugu yake ni takabari. Yaani mwenye kiburi ni mtu anayejiona mkubwa. Nikamwambia, "Mwalimu, na kama ni mkubwa kweli?" Akacheka, akasema hilo nikawaulize wenye lugha wote, si yeye peke yake.

Wenye lugha nao wana mambo. Hawakuridhika na neno moja. Maringo wameyaweka kwenye mwendo: utamwona mtu anakanyaga ardhi kana kwamba anaihurumia. Majivuno wameyaweka mdomoni, kwa mtu asiyemaliza sentensi bila kujitaja. Nyodo ziko kwenye midomo inayobetuliwa. Jeuri ni ya kumjibu mkubwa wako. Lakini kiburi, hicho wanakitafuta shingoni. Mtu akishindwa kuinamisha shingo, hata kama hajasema neno, ameshahukumiwa.

Na shingo ya shangazi haiinami, ni kweli. Ilikazwa na lile karai. Miaka ya kubeba zege imeiacha imenyooka wima, na ukimwita kutoka nyuma hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima. Majirani walisema, "Yule hasalimii, ana kiburi." Jamani, anasalimia! Ila mpaka ageuke mzima mzima, wewe umeshapita na umeshakasirika. Nimegombana na watu wengi kwa sababu ya shingo ile, na nitagombana na wengine.

Kazi pia hakutembeza. Wengine walikuwa wakienda nyumbani kwa wakandarasi asubuhi na mapema, kusalimia na kuulizia afya za watoto wasiowajua. Yeye hakwenda. "Kizuri chajiuza," alikuwa akisema, akiufunga mwiko wake kwenye kitambaa na kuutundika kwenye msumari juu ya kitanda. Alinilea katika chumba kile, baba yangu alipofariki, yeye dada yake akiwa hana mume wala mtoto, na chakula hatukukosa. Ila cheo alikosa. Wasimamizi walikuja na kuondoka, wengine aliwafundisha yeye kushika mwiko, na kila mara alipotafutwa msimamizi mpya mtu alikohoa na kusema, "Kiburi ni fundi, lakini si unamjua alivyo."

Nilikuwa nalijua lile "lakini". Nilikua nalo chumba kimoja.

Ndipo ukaja ujenzi wa hospitali, na ndani yake wodi ya wazazi, chumba kirefu chenye ukuta mmoja mkubwa usio na dirisha wala mlango. Vitanda vya akina mama vingepangwa kando ya ukuta ule, kila kitanda na kitanda kidogo cha mtoto pembeni yake. Mkandarasi alimpa shangazi ukuta huo apige peke yake. Saidia fundi wake alikuwa Mama Pacha, mwanamke mkimya, mchapakazi, aliyekuwa na mapacha wanaosoma na mume asiyeonekana. Kazi yake ilikuwa kuchanganya mchanga na saruji, na kuumwagia ukuta maji kabla ya lipu.

Hapo kwenye maji niseme kidogo, maana ndipo penye kisa. Tofali kavu lina kiu. Ukilipiga lipu likiwa kavu, litafyonza maji yote yaliyomo kwenye lipu kabla haijashika, na lipu itabaki imesimama mbele ya ukuta bila kuushika, kama wageni wawili waliokaa kiti kimoja. Kwa macho hutaona kitu. Itakuwa laini, imenyooka, unaweza hata kuipaka rangi. Siku moja, baada ya mwaka au miaka miwili, itaachia na kuanguka vipande vizima. Kwa hiyo ukuta unamwagiwa maji, unasubiriwa uyanywe, na lipu inapigwa ungali na unyevu. Kila fundi anajua hivyo.

Siku hiyo Mama Pacha alikuwa ameshaumwagia ukuta maji, na shangazi ameshika mwiko, mkandarasi alipoingia na watu wa kamati ya hospitali. Mimi nilikuwa kwenye ujia napiga msasa fremu za milango, nikasikia kila kitu.

"Huyu," mkandarasi akasema, "ndiye fundi wangu bora kuliko wote. Na leo nawaambieni mbele yake, mradi ujao msimamizi wa mafundi ni yeye."

Hakikuwa kilemba cha ukoka. Zilikuwa sifa za kweli, tena zilizochelewa. Nilitupa msasa nikapiga kigelegele pale pale kwenye ujia, vumbi limejaa mdomoni. Pimamaji, aliyekuwa chumba cha pili, aliacha kugonga.

Shangazi alishuka kwenye jukwaa. Watu wa kamati wakampongeza, wakamuuliza alianza vipi, na yeye, ambaye maisha yake yote alijibu watu kwa maneno matatu, siku hiyo akafunguka. Akawasimulia karai. Akawasimulia kipande cha nyuma ya mlango. Akayataja majengo, hili la ghorofa, lile la benki, na nani aliharibu wapi akaja kurekebisha yeye. Wakacheka, wakatikisa vichwa, wakauliza zaidi. Jua lilikuwa linaingia kwa madirisha yasiyo na vioo, linaupiga ukuta ule moja kwa moja.

Walipoondoka, alipanda tena jukwaani akiimba kwa pua. Mama Pacha akamwambia taratibu, "Fundi, naona pamekauka. Niumwagie tena?"

"Mama Pacha," shangazi akasema, "leo unanifundisha kazi?"

Mama Pacha akaweka ndoo chini. Ukuta ukapigwa lipu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shangazi yangu aliposifiwa, yeye maji ndiyo aliyoyasahau.

Wiki zikapita, lipu ikakauka, ikafika zamu yetu wapaka rangi. Makabidhiano yalikuwa kesho yake. Niliingia wodini asubuhi na ndoo yangu ya rangi, nikaanza kuupangusa ukuta vumbi, na kama kawaida yangu nikaugonga kwa kifundo cha kidole huku napita. Ukuta mzima hutoa sauti fupi, nzito. Huu ulivuma. Nikasogea hatua mbili nikagonga tena. Ukavuma. Nikagonga juu, nikagonga chini, ukavuma kote. Nilijua kazi ile ni ya nani, na nilijua cheo kilichokuwa kinaning'inia juu yake. Rangi mikono miwili ingetosha kuficha. Hakuna ambaye angegonga.

Lakini huyo aliyenilea hakunilea nijifanye sijasikia. Nikamfuata alikokaa na wenzake wakinywa chai, nikamwinamia. "Shangazi, njoo uone kitu wodini."

"Nini?"

"Ukuta unavuma."

Aliweka kikombe chini. Hakuniuliza ukuta upi. Alitembea mbele yangu na shingo yake ile, akaingia, akagonga mara moja tu, akasimama na kiganja kimeegemea ukuta kana kwamba anaupima homa. Nilimwona anakumbuka. Uso ulibadilika polepole, kutoka kwenye kutoamini hadi kwenye aibu, na aibu mimi sikuwa nimewahi kuiona kwenye uso ule.

"Niletee nyundo," akasema.

"Shangazi, kesho ni makabidhiano. Mwambie bosi kwanza. Labda..."

"Labda nini? Kitanda cha mtoto kinakaa hapa." Akaonyesha. "Hapa. Na hapa. Na hapa. Niletee nyundo, mwanangu, au nitautoa kwa kucha."

Nikaleta. Pigo la kwanza lilitoa kipande kikubwa kama meza, kikaanguka kizima, na nyuma yake tofali lilikuwa jekundu, safi, kavu, halijaguswa na kitu. Kelele ziliwaleta watu wote. Walijaa mlangoni na vikombe vyao mkononi, Pimamaji mbele yao. Alibomoa ukuta wake peke yake, kutoka pembe mpaka pembe, vumbi likimfunika mpaka nyusi zikawa nyeupe. Mama Pacha aliokota vipande akavitupa dirishani.

Mkandarasi alifika mbio. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kiburi! Umechanganyikiwa? Kesho kamati inakuja!"

"Waje tu. Ukuta ulikuwa haukushika."

"Haukushika kwa nini?"

"Ulipigwa mkavu."

Mkandarasi akawageukia watu. "Nani alikuwa anaumwagia maji ukuta huu?"

Macho yote yakamwendea Mama Pacha. Alikuwa amekumbatia ndoo yake tupu kifuani. Alijua jinsi mambo yanavyokwenda. Panapokosekana mwenye kosa, saidia fundi hupatikana.

Mkandarasi akamvuta shangazi dirishani, akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa hapo hapo na ndoo ya rangi. "Sikia, fundi. Nimeshakutaja mbele za watu, usiniaibishe. Sema tu huyu mama hakumwagia maji. Yeye aondoke leo, kamati nitaielewesha, wewe unabaki msimamizi wangu. Yamekwisha."

Nakiri hasira zilinipanda, na si kwa mkandarasi tu. Nilimkasirikia Mungu, nililikasirikia tofali. Cheo alichokisubiri tangu mimi sijazaliwa kilikuwa mkononi mwake, na cha kukilipia kilikuwa jina la mwanamke mmoja mkimya.

Shangazi aligeuka mwili mzima, kama anavyogeuka, akawatazama wote.

"Maji yalimwagwa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ujiani. "Mama Pacha aliumwagia ukuta kama inavyotakiwa. Wakaja wageni wakanisifu, nikashuka kupiga domo mpaka ukakauka. Akanikumbusha. Nikamwambia ananifundisha kazi." Akameza mate. "Mmeniita Kiburi miaka yote hii kwa sababu najua kazi yangu, nami nimeitika, maana jina halikuniuma. Lakini siku ile ndiyo nilikuwa nacho kweli. Na siku ile, katika ninyi nyote, hakuna aliyeniita hivyo. Nilikuwa napigiwa vigelegele."

Kisha akamwambia Mama Pacha, "Nisamehe, ndugu yangu." Mama Pacha akashusha ndoo, akafuta macho kwa ncha ya kanga yake, akasema, "Yameshapita, fundi."

Mkandarasi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kamati. Alisema hawezi kuwa na msimamizi anayebomoa kuta siku ya mwisho, akatazama huku na huku, akasema, "Pimamaji, mradi ujao utasimamia wewe. Na kuanzia sasa hivi umalizie huu." Pimamaji alikubali. Ningemlaani, lakini hata mimi ningekubali.

Jioni, nyumbani, shangazi aliuosha mwiko wake muda mrefu kuliko kawaida. Nilimwandalia chai, nikakigongesha kikombe mezani nilipokiweka, nikasema mengi ambayo sitayaandika, kuhusu mkandarasi, na kamati, na dunia. Aliniacha nimalize.

"Nilikitaka kile cheo, mwanangu," akasema. "Usije ukadhani sikukitaka. Nilikitaka mpaka nikakionja."

Alilia kidogo, bila sauti, kichwa kimenyooka. Nikakaa karibu naye nikamshika mkono, ule mkono mgumu wenye mipasuko ya saruji, na nikajua kwamba sijapata kuwa na fahari naye kama jioni ile. Kama mtu angepita dirishani akaniambia mimi nami nina kiburi, ningemjibu ndiyo, tumerithishana.

Kamati ilikuja, ikakuta wodi moja ina ukuta uchi, ikakunja uso, ikapokea vyumba vingine, ikasema itarudi. Shangazi akaanza upya. Mara hii maji alimwaga yeye mwenyewe upande mmoja na Mama Pacha upande mwingine, na kabla ya kuchota lipu ya kwanza alimgeukia na kumuuliza mbele ya watu, "Unaonaje, tupige?" Mama Pacha akaweka kiganja ukutani, akafikiri, akasema bado kidogo. Wakasubiri. Wapita njia walichungulia dirishani wakaona wanawake wawili wamesimama wanautazama ukuta, wasijue wanasubiri nini.

Lipu ilipigwa, ikatunzwa kwa maji kila siku asubuhi na jioni, ikakauka polepole kama inavyopaswa. Ikafika siku ya kukaguliwa, na ukaguzi ni kazi ya msimamizi. Pimamaji akaja amevaa kofia ya usimamizi, mpya, bado ina kibandiko. Mafundi wakasimama mlangoni. Nadhani wengi walikuja kuona jinsi Kiburi atakavyosimama mbele ya mtu aliyechukua nafasi yake.

Alisimama kama fundi yeyote, mikono nyuma, mwiko kwenye kitambaa.

Pimamaji hakumhurumia, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Aliweka rula wima, akailaza, akaiweka mshazari. Akapanga pimamaji yake kila mahali inapoweza kukaa. Kisha akaanza kugonga. Aligonga kuanzia sakafuni, kitanda kwa kitanda, akapanda ngazi akagonga juu, akashuka akarudia pale penye pembe, sikio karibu na ukuta, jasho linamtoka. Kila pigo lilirudi fupi, zito, limeshiba. Mimi nilikuwa nimeshika brashi kavu kwa mikono miwili.

Mwisho akashuka, akavua ile kofia, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Kiburi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema jambo alilokaa nalo miaka mingi, "huu ukuta, tangu nianze kazi hii, mimi sijaona mwingine kama huu."

Shangazi aliutazama ukuta kutoka pembe mpaka pembe, kisha akamgeukia, mzima mzima.

"Najua," akasema, akaniambia nilete rangi.